Historia ya Chuma (2): Tanuru la Tannehill

Wiki iliyopita tulikuwa na mhunzi wa Kiafrika, tanuru lake la udongo na mivukuto yake. Leo tuvuke bahari hadi Alabama, kusini mwa Marekani, ambako matanuru ya mawe ya Tannehill bado yamesimama kando ya kijito cha Roupes, yakitunzwa ndani ya hifadhi ya jimbo.

Daniel Hillman alianza kufua chuma hapo mwaka 1830. Matanuru makubwa yalijengwa na fundi Moses Stroup kuanzia 1859, na vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kusini na Kaskazini mwa Marekani vilipopamba moto yaliweza kutoa tani 22 kwa siku. Chuma kilikwenda mji wa Selma, humo humo Alabama, kikasubiwa mizinga ya jeshi la Kusini.

Tanuru liliegemezwa kilimani ili watu wavuke kwa daraja na kulilisha kutoka juu: mkaa, mawe ya chuma na mawe ya chokaa. Chokaa ilinasa uchafu, ukaelea juu ya chuma kilichoyeyuka. Hayo ndiyo mavi ya chuma. Chini upepo ulipulizwa usiku na mchana, maana tanuru likipoa, chuma huganda tumboni mwake. Wakati ukifika, fundi alizibua tundu lililozibwa kwa udongo. Chuma chekundu kilitiririka kwenye mfereji wa mchanga, kikajaza vijifereji vya ubavuni. Waingereza waliona humo nguruwe anayenyonyesha, na mpaka leo wanakiita chuma cha nguruwe.

Sasa tuulize ni mikono ya nani. Ni ya watumwa. Wao ndio waliochonga yale mawe ya mchanga, wakayapanga moja juu ya jingine. Wengi wao mababu zao walitekwa katika nchi zenye wahunzi hodari, na sasa wajukuu walifanyishwa kazi ya chuma ili jeshi linalopigania utumwa wao lipate silaha. Kila ninapoitazama picha ya kuta zile, hilo ndilo ninaloliona kwanza.

Tarehe 31 Machi 1865 wapanda farasi wa Kaskazini, Kikosi cha 8 cha Iowa, walipachoma moto. Siku mbili baadaye Selma ikatekwa. Tarehe 9 Aprili Jenerali Lee wa jeshi la Kusini akasalimu amri. Mbao ziliteketea, mawe yakabaki. Mwaka 1976 tanuru moja liliwashwa tena, na chuma kikatoka.

Wiki ijayo tutakifuata chuma cha wakati wa vita hadi Selma.