Kwa nini makadirio ya bima ya meno hayalingani na fakture



Hapa kwetu, mtu akiumwa jino anauliza bei, anatafuta pesa, jino linang'olewa. Ndugu zetu waliohamia Marekani wamekuta utaratibu mwingine kabisa. Kabla ya matibabu, karani wa kliniki anawapa karatasi inayosema bima italipa kiasi gani na wao watalipa kiasi gani. Wanalipa. Baada ya majuma kadhaa fakture nyingine inafika nyumbani, nao wanaona kwamba wamedanganywa. Wengine hawarudi tena kwa daktari, hata jino likioza. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu kuna vijana wetu wanaotafuta kazi kwenye mapokezi ya kliniki kama hizo, inafaa kueleza karatasi ile inatoka wapi.

Inatoka kwenye programu ya kompyuta. Kliniki nyingi za meno kule zinatumia programu kama Dentrix, Eaglesoft au Open Dental kwa kupanga miadi, kuandika matibabu na kudai malipo kwa bima. Kila tendo la daktari lina namba yake: D1110 ni kusafisha meno ya mtu mzima, D2740 ni kofia ya jino ya kauri. Programu inachukua bei ya namba hiyo, inaondoa kiasi ambacho mgonjwa anapaswa kutoa kwanza kila mwaka (mara nyingi dola 50), kisha inatumia asilimia ya bima. Mipango mingi inalipa 100 kwa mia kwa uchunguzi na kusafisha, 80 kwa kuziba jino, 50 kwa kofia. Mwishoni kuna kikomo cha mwaka, mara nyingi kati ya dola 1,000 na 2,000. Kikifika, bima inaacha kulipa mpaka mwaka mwingine.

Kompyuta haikosei kujumlisha. Shida ni mambo ambayo hakuna aliyeyaandika ndani yake.

Tuseme bei ya kofia waliyopatana kliniki na bima ni dola 900. Ondoa 50, inabaki 850. Nusu yake ni 425. Karatasi itamwambia mgonjwa alipe 475. Lakini kama miezi mitatu iliyopita alitibiwa mzizi wa jino kwa daktari mwingine, na bima ilitoa 700 kati ya 1,000 za mwaka, zimebaki 300 tu. Bima itatoa hizo 300, naye atadaiwa 600. Ile tofauti ya 125 ndiyo fakture ya pili.

Kwa hiyo karani anayetaka kutoa hesabu ya kweli aulize bima salio la mgonjwa siku chache kabla ya miadi, kila mara, hata kama anamfahamu mgonjwa tangu zamani. Programu inaweza kuuliza yenyewe kwa njia ya intaneti, lakini jibu mara nyingi linaleta asilimia tu. Masharti madogo yanabaki nje, na hayo ndiyo yanayouma: kusafisha meno mara ngapi kwa mwaka, miezi ya kungoja kabla ya kofia kulipwa, jino lililokosekana kabla ya bima kuanza. Hapo ni kupiga simu na kuandika majibu kwenye ukurasa wa mpango ule ndani ya programu.

Sharti linalowashangaza wengi ni la kuziba jino la nyuma. Daktari anatumia dawa nyeupe ya dola 180, lakini bima inahesabu kana kwamba alitumia ile ya rangi ya fedha ya dola 120. Asilimia 80 ya 120 ni 96, basi mgonjwa atatoa 84 badala ya 36 alizoambiwa. Programu nzuri zina mahali pa kuandika sharti hili. Kliniki nyingi hazipajazi, na kwa maoni yangu huo ni uvivu unaolipwa na mgonjwa. Tena, kila barua ya malipo inayotoka kwa bima ilinganishwe na kadirio. Ikiwa bima ilitoa kiasi kingine, karani arekebishe jedwali la mpango ule siku hiyohiyo, ili mgonjwa mwenzake wa kiwanda kilekile asipate hesabu mbovu.

Nanyi wagonjwa, mwambieni karani kama mmetibiwa meno mahali pengine mwaka huu, kama mmebadilisha kazi, kama mtoto ana bima ya baba na ya mama pia. Kwa mtoto wa namna hiyo, mipango mingi inaanza na bima ya mzazi ambaye siku yake ya kuzaliwa inatangulia katika mwaka, hata kama ni mdogo kwa umri! Wenye Medicaid wana utaratibu mwingine: watoto wanatibiwa meno katika kila jimbo, lakini haki za watu wazima zinatofautiana jimbo kwa jimbo.

Kwa kazi ya bei kubwa, ombeni kliniki itume mpango wa matibabu kwa bima kabla ya kuanza. Jibu linaweza kuchukua majuma, na si ahadi ya malipo, ila linatoka kwa bima yenyewe. Jino lenye usaha lisingoje jibu hilo.