Damu Hukadiriwa Kabla ya Kupasua Mgongo

Mkulima hodari hukadiria mbegu kabla ya mvua. Hangoji siku ya kupanda. Daktari naye hukadiria damu kabla ya kupasua mgongo. Hujiuliza: Je, mgonjwa huyu atahitaji kuongezewa damu?

Katika kata ninayofanya kazi yuko mzee mmoja, mkulima wa muhogo. Mgongo ulimsumbua miaka mingi. Mwishowe miguu ikawa inakufa ganzi. Hospitali ikampa tarehe ya upasuaji. Alipopimwa, damu yake ilikuwa 9. Daktari akamwambia, "Mzee, damu ni kidogo. Tuiongeze kwanza, ndipo tukupasue."

Mzee alirudi kijijini na huzuni. Alidhani amekataliwa. Mimi ni bwana shamba, si daktari. Kwa hiyo tulikwenda wote zahanati, tukaelezwa.

Kwa nini damu hutoka?

Uti wa mgongo una pingili nyingi. Mifupa hiyo ina damu ndani yake. Kando yake ipo mishipa mingi midogo. Daktari akipasua pingili moja, mara nyingi damu hutoka kidogo. Akifunga vyuma kwenye pingili nyingi, kazi huchukua saa nyingi na damu hutoka nyingi. Mtu mzima ana damu kama lita 5 tu.

Daktari hutazama nini?

Kwanza, wingi wa damu. Damu ya mwanamume isipungue 13. Ya mwanamke asiye mjamzito isipungue 12. Mwenye damu pungufu ana akiba ndogo.

Pili, idadi ya pingili zitakazopasuliwa.

Tatu, umri. Mzee hustahimili upungufu wa damu kwa shida kuliko kijana.

Nne, ugonjwa wenyewe. Saratani iliyoingia kwenye mfupa inaweza kutoa damu nyingi.

Tano, dawa. Aspirini na dawa nyingine huzuia damu kuganda. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, hata za miti shamba. Lakini usiache dawa bila kumwuliza.

Umri hatuwezi kuubadili. Wingi wa damu tunaweza.

Mzee alifanya nini?

Alipimwa choo, akakutwa na minyoo ya safura. Minyoo hiyo hunyonya damu. Huingia mwilini kupitia ngozi, hasa tukitembea pekupeku mahali penye kinyesi. Mzee alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Alikula maharage, mchicha na dagaa, pamoja na machungwa. Chai hakunywa tena pamoja na chakula, maana hupunguza faida ya vyakula hivyo. Akaanza kuvaa viatu shambani, na choo chake akakitengeneza.

Baada ya miezi miwili damu ilifika 12 na nusu. Daktari alikadiria chupa mbili ziwe tayari. Wanawe wawili walijitolea damu. Siku ya upasuaji hakuongezewa hata chupa moja. Damu ile ikabaki kwa wagonjwa wengine. Leo mzee anakwenda shambani kwa miguu yake.

Asiye na miezi miwili

Lakini anayeanguka kutoka kwenye mnazi au mwembe akavunjika mgongo, hana muda wa kula mchicha. Damu yake lazima iwe imekwisha kutolewa na watu wengine. Tena damu haikai siku nyingi. Kwa kawaida, hata ikiwa katika jokofu, huhifadhiwa siku 35 hivi. Kwa hiyo kutoa mara moja hakutoshi.

Mtu mwenye afya, mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kutoa damu. Mwanamume hurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Hupimwa kwanza.

Ndugu mwanakijiji, usingoje tarehe ya upasuaji. Nenda zahanati upime damu yako. Ikiwa pungufu, itibu. Ikiwa inatosha, mpe mwenzako.