Jinsi Tangi la Matumbawe Linavyoanguka

Tangi la matumbawe la nyumbani haliharibiki kwa siku moja. Kwanza huonekana mnyama mmoja mwembamba wa rangi ya kahawia, amejibanza katika ufa wa jiwe lililotoka dukani na viumbe vyake. Huyo ni aiptasia, jamii ya anemoni. Wengi humwacha, na wapo wanaomfurahia, kwa kuwa amekuja bila kulipiwa. Baada ya miezi michache matumbawe ya jirani yanajikunja, hayafunguki tena: minyiri ya aiptasia imejaa vichomeo vyenye sumu.

Hapo ndipo wenye matangi wengi hushika kisu au koleo, na hapo ndipo anguko hupata kasi. Aiptasia huzaliana hata kwa vipande vidogo vya mguu wake vinavyobaki juu ya jiwe. Kila kipande chaweza kukua kuwa mnyama kamili. Kumkwangua ni kumpanda. Wepesi huo wa kuongezeka umempa nafasi hata maabarani, maana yeye, kama matumbawe, huishi na mwani mdogo sana ndani ya mwili wake, na wanasayansi humtumia kuchunguza namna matumbawe yanavyopauka. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2015.

Dawa zipo. Uji mzito wa chokaa ukipitishwa kinywani mwake kwa bomba la sindano, pampu zikiwa zimezimwa, humuua. Ukizidishwa, pH ya maji hupanda na viumbe wote hutaabika. Uduvi wa jenasi Lysmata humla, ingawa wengine hawamgusi wakipata chakula kingine. Koa wa baharini aitwaye Berghia hula aiptasia tu, na akiwamaliza hufa njaa.

Lakini nimeona kwamba tiba hizi huchelewesha tu anguko ikiwa mwenye tangi hajabadili mazoea. Mwanga humpa aiptasia nishati, ila mabaki ya chakula ndiyo yanayomfanya ajae kila ufa. Samaki wapewe wanachokimaliza. Matumbawe mapya yatengwe wiki kadhaa katika chombo cha pembeni, na vitako vyake vichunguzwe kwa tochi, kwani kuyachovya katika dawa hakumuui aiptasia kila mara. Na jiwe lililokwisha kujaa litolewe, likaushwe juani hadi kila kilichomo kife, hata kama ndilo jiwe zuri kuliko yote tangini.