Elfu mia tisa na tisini ni watu wangapi?

Nilikuwa Suam, pale mpakani, nikingoja matatu ya kurudi Kitale. Redio ya kibanda cha chai ikatangaza kwamba Kaunti ya Trans Nzoia ina watu "elfu mia tisa na tisini". Mzee aliyeketi kando yangu akaguna: "Mwalimu, hiyo ni hesabu gani? Elfu moja, mia tisa na tisini? Hao hata soko la Endebess hawalijazi!"

Mzee hakukosea. Maneno hayo ni 990,000 na pia ni 1,990. Ukisema "elfu" bila kuongeza "moja", sikio halijui kama mia zinazofuata zinaizidisha elfu ama zinajumlishwa nayo. Dawa ni kuitanguliza mia: mia tisa na tisini elfu. Ama tutumie laki, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi: laki tisa na elfu tisini.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 990,341 kamili. Hebu tuichambue nambari hii kwa Kiswahili, maana watoto wetu hufundishwa hesabu kwa Kiingereza, ilhali wenzao wa shule za msingi za umma Tanzania wanazo istilahi zake. Kwanza, ni witiri, kinyume cha shufwa: haigawiki kwa mbili. Mwislamu anayesali witri tayari anaijua maana hiyo. Kwa 5 pia haigawiki, kwa hivyo maeneobunge matano ya kaunti hayawezi kugawana watu sawasawa. Kwa 3 vilevile. Jumla ya tarakimu zake ni 26.

Je, kwa 11? Jumlisha tarakimu kwa kurukaruka. 9, 0 na 4 ni 13. Zilizorukwa, 9, 3 na 1, pia ni 13. Jumla hizo zikilingana, nambari inagawika kwa 11 bila baki. Jibu ni 90,031.

Na hapa ndipo penye utamu. 90,031 ni nambari tasa: haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Jina lenyewe silipendi sana, kwani nambari tasa ndizo zinazozaa nyingine kwa kuzidishwa. Utathibitishaje utasa wake? Kila kigawo kikubwa huandamana na mwenzake mdogo, na 301 mara 301 ni 90,601, tumeshapita. Basi yatosha kujaribu nambari tasa zilizo chini ya 301. Ziko 62. Nilizimaliza kwa kalamu jioni ile nyumbani, na hakuna hata moja iliyoigawa.

Pale kibandani nilimwandikia mzee 990,341 kwenye kipande cha gazeti. Akakitazama, akatabasamu: "Kumbe ni laki tisa na tisini!"

Kwa maandishi, hiyo ni 900,090. Lakini matatu ilikuwa imefika.