Kutoka Ngano ya Basotu hadi Seva za Olkaria

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, lililima ngano katika tambarare za Basotu, wilayani Hanang, Tanzania, kwa msaada wa Kanada. Mashamba yakafika saba, kila moja kama ekari 10,000. Trekta, kombaini na vipuri vilitoka ng'ambo, dizeli nayo ikanunuliwa kwa fedha za kigeni. Ngano ilipatikana, na kwa wingi. Lakini daftari la mradi halikuwa na safu ya Wabarabaig, wafugaji wa tambarare hizo.

Watetezi wa mradi walisema ardhi iliyochukuliwa ni sehemu ndogo tu ya wilaya. Ni kweli, ila ndimo ilimokuwa muhajega, malisho bora kuliko yote, ambayo wafugaji huyaingia kwa msimu na kuyaacha yapumzike. Yalipofungwa, ng'ombe wakabanana kwingine, na huko nako nyasi zikaisha. Makaburi ya wazee yalilimwa. Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO, kikashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo.

Jirani tu, Mbulu, wakulima Wairaqw wa eneo la Mama Isara walikuwa wakilisha watu wengi miteremkoni kwa jembe na samadi. Mfano huo haukuwavutia wafadhili.

Kanada ilijitoa miaka ya 1990. Bila vipuri mitambo ikalala, mashamba yakadorora na mengine yakabinafsishwa. Leo ngano nyingi inayoliwa Tanzania huja kwa meli.

Nayakumbuka haya kwa sababu ya Olkaria, Kenya. Mei 2024, Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza kituo cha data cha kutumia umeme wa jotoardhi: megawati 100 kwanza, kisha hadi 1,000. Kilele cha matumizi ya umeme ya Kenya nzima mwanzoni mwa 2025 kilikuwa takriban megawati 2,300. Mwaka 2024 vituo vya data duniani vilitumia kama asilimia 1.5 ya umeme wote. Jotoardhi haina moshi wa dizeli, nakubali. Lakini umeme unaokwenda kwenye seva hauwashi taa ya mwingine, na Olkaria hiyohiyo familia za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 kupisha mitambo.

Seva hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Mkataba wa ardhi na umeme huandikwa kwa miongo, na hapo ndipo Mulbadaw iliposhindwa: si shambani, bali kwenye karatasi za umiliki.