Ataacha Lini Methadoni?

Swali ni lilelile, liulizwe na mama mzazi, mchungaji au sheikh: kijana ametubu, ameacha unga, yaani heroini, sasa ataacha lini na methadoni ili tujue amepona kweli? Swali lenyewe limekosewa, na kosa hilo linaua watu.

Linatokana na imani kwamba aliyefunguliwa hahitaji dawa, na kwamba methadoni ni unga uliobadilishwa jina. Tazameni kinachotokea mwilini. Nguvu ya heroini huisha kwa saa chache, arosto, yaani mateso ya kuikosa, ikaanza, na siku nzima ya mtumiaji ikaishia kuhangaikia kete nyingine. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, hufanya kazi saa 24 au zaidi, na dozi ikishamkaa mtu sawasawa halewi nayo. Inazuia arosto na kutuliza hamu. Mwili umeizoea, ni kweli. Lakini uraibu ni kung'ang'ania kitu kinachokuangamiza hadi kuuza sufuria za nyumbani ili ukipate. Anayekunywa kikombe chake kliniki asubuhi kisha akaenda kazini hana sifa hiyo, na ndiye mnayemtaka aache dawa athibitishe imani yake! Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la BMJ, uliohusu zaidi ya watu 120,000 waliotibiwa kwa methadoni, ulionyesha vifo kama 11 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka walipokuwa kwenye tiba, na 36 walipokuwa nje yake. Majuma manne ya kwanza baada ya kuacha tiba ndiyo mabaya zaidi. Mwili uliokaa bila heroini wala methadoni hupoteza ustahimilivu, hivyo kete ileile aliyoimudu zamani sasa inaweza kumzima pumzi. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetoka gerezani au soba (nyumba ya kuacha dawa za kulevya) akiwa msafi kabisa.

Mtasema wapo walioacha kwa maombi peke yake. Wapo. Ila mnaowasikia ni waliobaki hai wakaweza kusimama mbele ya waumini. Aliyezikwa hatoi ushuhuda. Wala siipingi ibada. Inampa mtu ratiba, marafiki wapya na sababu ya kuamka, kinga ambazo hazimo ndani ya kikombe cha dawa. Alcoholics Anonymous, chama kilichozaliwa Marekani mwaka 1935 kwa misingi ya kiroho, na ambacho hatua zake kumi na mbili zinafuatwa katika soba za Zanzibar, kinawaonya wanachama wasijifanye madaktari wa wenzao. Tangu Hospitali ya Muhimbili ianze kutoa methadoni mwaka 2011, hakuna sharti la tiba hii linalomkataza mtu kusali. Kinachozidisha hatari ni aibu. Aliyekwisha kutangazwa kuwa amepona akiteleza mara moja, hathubutu kusema. Anajifungia chooni na kutumia peke yake, pasipo mtu wa kumwokoa pumzi ikikata.

Ya kufanya, basi. Dozi isipunguzwe bila daktari, na ikipunguzwa iwe polepole. Kabla ya Ramadhani mtumiaji wa methadoni azungumze na kliniki. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua katika Al-Baqara, aya ya 184 na 185, hivyo asishurutishwe kuchagua kati ya saumu na uhai. Kabla ya kutoka soba ajulikane atalala wapi, atafanya kazi gani, na nani atapokea simu yake usiku wa manane. Maskani ya zamani aihame. Nyumbani watu wafundishwe dalili za dozi kupita kiasi: midomo ya buluu, pumzi chache zinazoachana sana, haamki akiitwa. Wamkimbize hospitali, na naloksoni, dawa ya kuzimua heroini, ikiwapo wampe. Akiteleza arudi kliniki siku hiyohiyo, bila kuhukumiwa. Na kwa upande wa pombe, mlevi wa miaka mingi asifungiwe kwenye chumba cha maombi, maana kuacha pombe ghafla huweza kuleta degedege na kifo; hospitali kwanza.

Viongozi wa dini, nawasihi: kabla ya kumwita kijana mbele atoe ushuhuda, muulizeni kama leo amekunywa dozi yake.