Pa Kuombea kwa Maneno Yako

Katika vigango vingi vya huku Ufipa padre hafiki kila Jumapili. Anayesimama mbele ni katekista, akifuata utaratibu wa ibada ya Neno ambao Roma iliutolea mwongozo mwaka 1988. Wapo wanaolalamika kwamba kitabu kinambana Roho Mtakatifu. Mimi naona kinawakinga waumini na katekista aliyeamka na jambo lake moyoni.

Na uhuru upo, ila una mahali pake. Tangu Wamisionari wa Afrika walipokabidhiwa kituo cha Karema mwaka 1885, Misa huku ilikuwa ya Kilatini kwa miongo mingi. Kisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya Desemba 4, 1963, uliagiza Sala ya Waamini irudishwe baada ya kufifia kwa karne nyingi. Hapo ndipo mkulima anaposikika. Mvua za Novemba zikichelewa na mbegu ya mahindi ingali ghalani, pa kulitaja hilo ni hapo.

Cha ajabu, parokia nyingi husoma nia za sala hiyo kutoka kwenye karatasi iliyochapwa mbali, wakati padre akijitungia maneno ndani ya Sala ya Ekaristi, ambamo haruhusiwi. Tumepachika uhuru pasipo pake.

Wapentekoste wa Sumbawanga mjini watasema wao hawana kitabu. Kweli, lakini utaratibu wanao: mapambio, kuabudu, ushuhuda, sadaka, neno, kisha maombezi; jaribu kutanguliza maombezi uone watu watakavyotazamana. Hata Mtakatifu Yustino, akiandika Roma yapata mwaka 150, anaeleza kiongozi aliyetoa shukrani kadiri ya uwezo wake, lakini masomo yalishatangulia, na Amina ilikuwa ya wote.

Ushauri wangu kwa halmashauri za parokia ni kuzipa jumuiya ndogo ndogo zamu ya kuandaa nia za Jumapili. Huko watu wamezoea kuomba kwa sauti zao wenyewe. Misale inapendekeza mpangilio: Kanisa, viongozi na ulimwengu, wenye shida, halafu jumuiya ya mahali. Ziwe fupi, zibebe sala ya wote. Anayetaka kumsema jirani kupitia maombi, mwenyekiti wa jumuiya amkatalie Alhamisi nia zinapoandaliwa, kabla hajafika kwenye mimbari.